Fundo la Kushoto

Kambi ya wakimbizi Mantapala, Zambia, 18 Mei 2025

Papa,

Barua hii inakuja na Mama Olipa, mchuuzi wetu wa samaki, pamoja na magunia yake matupu ya dagaa wa chisense, kwa hiyo ikinuka samaki si kosa langu. Simu ya mama bado iko kwa fundi pale Nchelenge. Kila tukimwuliza anasema njoo kesho. Ya kwako umetuma neno kwamba imeingia ziwani. Basi tumebaki na karatasi.

Nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba mwalimu Chalwe, yule wa sayansi, ametupa kazi ya kutengeneza mashini ya kusukumana. Ni mashini ya kijinga, ndivyo alivyosema yeye mwenyewe. Unachukua kazi ndogo ambayo mtu anaweza kuifanya kwa mkono mmoja, halafu unaipitisha kwenye vitu vingi, kimoja kinasukuma kingine, mpaka kazi inafanyika bila mtu kugusa. Ukigusa katikati umeshindwa. Kundi litakaloshinda litakwenda kuonyesha mashini yake mjini Mansa.

Mimi niko na Dany, mtoto wa mhubiri, ambaye anajua kupiga misumari lakini hajui kunyamaza. Kazi yetu ni kumwagia mtu maji ya kunawa mikono. Gololi ya baiskeli inateremka kwenye tete lililopasuliwa. Inagonga vitofali tulivyofinyanga kwa udongo wa kichuguu, vinaangushana. Cha mwisho kinaangukia kijiti, kijiti kinavuta kamba, kamba inafungua fundo, jiwe linaanguka, na jiwe likianguka linainua kitako cha jagi. Maji yanamwagika. Hapo watu wanapiga makofi.

Sasa ombi. Fundo. Tumejaribu kila aina. Likishika jiwe vizuri, kamba ikivuta halifunguki. Likifunguka vizuri, jiwe linaanguka hata kabla ya gololi. Nikamwambia Dany, baba yangu ana fundo la kufungia mtumbwi ambalo upepo wa ziwa Mweru hauwezi kulifungua, lakini ukivuta mkia wake kidogo tu, lote linaachia. Lifunge kwenye kipande cha kamba, ulitume na Mama Olipa. Kijiti tumekwisha kukiweka upande wa kushoto, kwa sababu mkia wa fundo lako huwa unatoka kushoto. Wavuvi wote wanafunga kwa kulia, wewe peke yako ndiye Kushoto. Uliniambia mtu akipapasa fundo tu anajua mtumbwi huu ulifungwa na Mwamba.

Na lingine. Siku ya maonyesho ni Ijumaa, tarehe 27 Juni. Wazazi wanaalikwa. Ninataka uje.

Mama yuko shambani anapanda muhogo. Chouchou amepoteza jino la mbele na anataka ujue.

Mtoto wako,
Reine


Mununga, 27 Mei 2025

Binti yangu mpendwa Reine, pamoja na Simone mpendwa, taa ya nyumba yangu,

Natumaini waraka huu mfupi utawakuta mkiwa katika afya njema kwa neema ya Bwana wetu. Mimi baba yenu ni mzima, namshukuru Mungu. Ninawatumia salamu nyingi kama mchanga wa ufuko wa Mweru, na kila chembe ya mchanga ni salamu moja.

Kazi inaendelea vizuri. Tajiri Kabaso, mwenye mtumbwi, ni mtu mwema. Wiki hii samaki wamekauka haraka kwa sababu jua la mchana lilikuwa kali sana, ila kunguru wanasumbua. Ukigeuka kidogo tu wamekwisha kushuka.

Kuhusu fundo, si jambo gumu. Zungusha kamba kwenye mti mara moja. Kunja kamba mara mbili, upitishe mkunjo chini ya ile iliyozunguka. Kisha kunja tena, upitishe ndani ya mkunjo wa kwanza, ukaze. Mkia uache nje. Jaribu hivyo, mama yangu. Wewe una akili, utaweza bila mimi.

Kuhusu tarehe 27, tutaona jinsi Bwana atakavyotujalia.

Mwambie Chouchou jino litaota.

Ni mimi baba yenu mpendwa,
Mwamba


Mantapala, 4 Juni 2025

Papa,

Maneno yako ya fundo nimeyafuata yote. Jiwe lilimwangukia Dany kwenye kidole cha mguu. Sasa anachechemea na kusema, "Papa yako hapana mvuvi, iko pasta." Fundo halifundishwi kwa maneno, Papa. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema hivyo. Litume.

Kuna jambo jingine, na sijui niliandikeje. Mama aliichukua barua yako akaisoma akiwa amesimama. Akarudia. Halafu akaniita nje, penye mwanga, akaniuliza, "Hii ni mwandiko ya nani?"

Nikasema ni yako.

"Papa yako anaandika kama kuku inachakura," akasema. "Hii iko na viduara juu ya kila i. Ni mwanamuke anaandika vile. Na tangu siku gani mimi niko mupendwa? Taa ya nyumba! Miaka yote hii ananiita Mama Reine, leo niko taa?"

Nikamwambia labda umechoka, labda umeandikiwa. Akasema anayeandikiwa ni yule asiyejua kuandika. Tangu siku hiyo anapiga vyungu kwa nguvu. Juzi wanawake wa bombani walikuwa wanazungumzia wanaume wanaokwenda ziwani na kupata nyumba nyingine huko, na mama alijaza ndoo yake mpaka ikamwagika bila kuona.

Nijibu wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako wa kuku. Hata mistari miwili inatosha.

Mjomba Chadrack ametuma salamu kutoka Pweto, kule Congo. Anasema nyumba yake ina chumba kimoja kitupu. Sijui kwa nini nakuandikia habari za chumba.

Nimemwuliza Mama Olipa kama amekuona. Akasema, "Ee mukwai, iko, iko bwino," yaani u mzima, halafu akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa.

Reine


Mununga, 15 Juni 2025

Binti mpendwa Reine, na Simone mwenye heshima,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Nimesikitika kusikia kwamba mwandiko umeleta maswali. Huyu anayeniandikia ni ndugu katika Kristo, mtu anayeaminika kanisani, aliyejaliwa mwandiko safi. Mimi mikono inachoka kwa kazi ya kamba, ndiyo maana. Hakuna jambo lolote la kuwatia wasiwasi.

Fundo ninalituma. Limefungwa kwenye kijiti, usilifungue kabla ya siku yenyewe.

Tarehe 27 sitaweza kufika. Kazi imebana. Usinikasirikie, mama yangu. Siku hiyo nitakuwa nakuwaza tangu asubuhi, na saa ile gololi inateremka nitakuwa nimesimama ufukoni nikiangalia upande wenu.

Habari ya chumba cha Chadrack, ni chumba cha nini?

Baba yenu,
Mwamba


Mantapala, 29 Juni 2025

Papa,

Sina hamu ya kukusalimia, lakini nakusalimia.

Barua yako ya pili mama hakuimaliza. Alifika kwenye neno ndugu akacheka, na Mungu anisamehe, ni bora angelia. "Ndugu! Ndugu anaweka viduara!" Akaikunja akaiweka chini ya sufuria. Nami nakuambia sasa jambo ambalo nilikatazwa kukuambia. Chumba cha mjomba ni chetu. Mama amekwenda kwenye ofisi ya wanaorudi Congo na kutuandikisha, yeye, mimi na Chouchou. Wewe hakukuandikisha. Magari ya Pweto yanaondoka Alhamisi, tarehe 17 Julai. Mihogo aliyopanda amemwachia jirani. Nilipomwuliza shule yangu je, alisema shule iko kila mahali. Nilipomwuliza wewe je, alisema wewe una taa nyingine.

Nilinyamaza wiki nzima kwa sababu alinikataza, na wewe unanyamaza kwa sababu unazozijua wewe. Nimechoka kunyamaza.

Sasa nikueleze maonyesho. Mama alikuja. Alikaa nyuma na Chouchou, amevaa kitenge cha kanisani. Wageni walikuwa wengi, hata wakubwa wa wilaya walikuwepo. Wakaita majina yetu. Niliachia gololi, ikateremka vizuri sana, Papa, ungeiona. Vitofali vikaanza kuangushana tik tik tik na watoto wote wakainuka. Cha mwisho kikaangukia kijiti, kijiti kikavuta mkia wa fundo. Na fundo likakaza.

Likakaza tu. Jiwe likaning'inia. Jagi likasimama. Watu wakangoja maji.

Dany akaninong'oneza, "Sukuma! Sukuma kidogo, habataona." Nikapeleka kidole, nikasukuma lile jiwe. Maji yakamwagika, watu wakapiga makofi, Chouchou akaruka juu. Na mwalimu Chalwe akanitazama usoni akafuta majina yetu pale pale. Alisema mashini iliyosukumwa kwa kidole si mashini. Wanaokwenda Mansa ni kundi lenye mashini ya kupiga kengele. Kengele yao haina hata sauti.

Watu walipoondoka nilikaa chini nikalia kwa hasira. Mwalimu akaja akachuchumaa karibu nami. Akasema kosa la wanafunzi wote ni moja: mashini ikisimama, wanatazama pale iliposimama. Wanapapasa jiwe, wanapapasa jagi. Akasema pale hapana kosa. Rudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka uone kitu ambacho hakikai kama unavyokijua.

Nikarudi nyuma. Jagi zima. Jiwe zima. Fundo. Nikalishika, nikalipapasa kama ulivyonifundisha. Mkia unatoka kulia. Lilipofika nilifikiri limegeuka safarini, nikaligeuza mimi mwenyewe ili mkia uelekee kwenye kijiti, ndiyo maana lilikaza. Lakini halikugeuka. Limefungwa na mtu wa kulia.

Hili fundo si lako, Papa.

Sikuacha hapo. Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako chini ya sufuria. Jua la mchana lilikuwa kali. Kunguru wanashuka. Mvuvi wa chisense anavua usiku na kulala mchana, kila mtoto wa pwani hii anajua hilo. Wewe ulijuaje jua la mchana? Tangu lini kunguru ni kazi yako? Na barua umeandikiwa, na fundo umefungiwa.

Mikono yako iko wapi?

Reine


(karatasi ya pili, ndani ya barua hiyo hiyo)

Kwa wewe unayeandika,

Sikujui jina, lakini najua barua hii utaisoma wewe kwanza, maana baba yangu husoma kwa shida, na nadhani wewe ndiye unayemsomea. Kama wewe ni mke wa baba yangu, niambie, nitajua la kumwambia mama. Kama si mke wake, niambie pia, na haraka. Usiweke mchanga wa Mweru. Usiweke neema. Niambie tu baba yangu ana nini.

Reine, binti wa Mwamba


Mununga, 8 Julai 2025

Reine, mwanangu,

Jina langu ni Colette. Mimi ni mjane, nauza vitumbua pale mitumbwi inapofika, na Jumapili nasoma masomo kanisani kwa Kiswahili, ndiyo maana walinileta kwa baba yako. Si mke wake. Ningekuwa mke wake ningemlazimisha kula, maana hali.

Nilimsomea barua yako yote isipokuwa karatasi ya pili. Hiyo niliificha kwanza, nikaona aibu, kisha nikamsomea nayo. Aliposikia "mikono yako iko wapi" alitoka nje akakaa nyuma ya banda la nyavu. Aliporudi alisema, "Mwambie. Mutoto ameisha kuona."

Mwishoni mwa Aprili walikuwa wanavuta wavu, injini ikashikwa na kamba. Kamba ikajizungusha kwenye mkono wake wa kushoto. Simu iliingia ziwani siku hiyo hiyo, yeye naye karibu aingie. Kliniki walifanya walivyoweza, lakini vidole vitatu havikuokolewa, na kidole gumba hakikunjiki. Kidonda kinapona sasa. Tajiri Kabaso hakumfukuza. Amempa nafasi kwenye banda, na kazi ya kufukuza kunguru kwenye samaki waliotandazwa. Wanaume wanaokuja ufukoni wanamwona ameshika fimbo akifanya kazi ya watoto, na yeye anawaona wakimwona.

Ulipoomba fundo alijaribu. Nilikuwepo. Alijaribu kwa kulia, alijaribu kwa meno, alijaribu kushikilia kamba kwa kidole cha mguu. Mwisho akamwita Kabaso, naye akalifunga kwa kulia kama watu wote wanavyofunga. Baba yako akaliangalia akasema, "Mutoto hataona tofauti." Nami nikaandika. Mama Olipa naye alijua, lakini baba yako alimwapisha asiseme.

Mimi sikuwa na nia mbaya, Reine. Hayo ya mpendwa na taa ya nyumba ni yangu. Yeye alisema, "Andika tu ninabasalimia bote." Nikaona ni maneno makavu sana kwa mwanaume aliyeacha mke mbali. Nikayatia mafuta kidogo. Na ndugu katika Kristo niliandika kwa kuogopa, nikijua kabisa ninaandika nusu. Mwambie mama yako kwamba Colette anaomba samahani kwa kila kiduara.

Karatasi ya pili ameandika mwenyewe. Usicheke.

Colette


(karatasi ya pili)

Mama Reine

Naandika kwa mkono wa kulia. Asubuhi yote imeisha kwa maneno haya.

Ulinikataza maji. Ulisema tulime. Mimi nikasema mwanaume wa Mweru halimi. Nikaenda.

Niliogopa kurudi hivi. Nilitaka kwanza nipate kitu cha kuleta nyumbani. Niliogopa utaniangalia kama mzigo.

Hakuna mwanamke. Kuna kunguru tu.

Kama unaenda Pweto ni haki yako. Lakini usiende kwa sababu ya mwanamke ambaye hayuko.

Reine, samahani kwa fundo.

Mwamba


Mantapala, 13 Julai 2025

Baba Reine,

Nimesoma. Nimemwambia Reine anisomee tena kwa sauti, kwa sababu nilifikiri macho yangu yananidanganya.

Sikuombi msamaha kwa kumfikiria yule mwanamke. Ulinipa karatasi yenye viduara, ulitaka nifikirie nini? Yeye mwambie nimemsamehe, lakini asiniite taa tena.

Wewe ndiye ambaye bado sijui nikufanyeje. Nina hasira ambayo hainiachi nipike. Ulipokuwa na ile homa, siku tulipokimbia, nani alikushika kiuno kutoka Pweto mpaka Chienge? Reine alibeba sufuria, Chouchou nilikuwa naye tumboni, na wewe ulikuwa umeniegemea mzima mzima, unatapika kwenye mguu wangu. Nilisema neno? Nilikuacha njiani? Leo umepoteza vidole unaogopa kwamba nitakuita mzigo. Mimi ninajua uzito wako, Mwamba. Niliubeba. Wewe ndiye uliyesahau.

Tangu Mei ninalala nikimwona mwanamke mnono anakupakulia ugali. Ninaamka nikimchukia. Ungeandika kwa mguu, ningefurahi. Ungetuma karatasi tupu yenye damu, ningekuja kwa miguu. Ulinitumia mchanga wa ufuko.

Sasa sikia. Magari yanaondoka Alhamisi asubuhi. Mizigo iko mlangoni imefungwa, na majina yetu bado yako. Sijayafuta, nisikudanganye. Mama Olipa anakuja huku Jumatano na samaki. Panda naye. Usilete pesa, usilete samaki, usilete maneno ya kanisani. Na mkono usiufunike. Sitaki kitambaa. Nataka niuone mimi mwenyewe, mchana, mbele ya nyumba.

Usipokuja, nitajua kwamba unaona heri kukaa na kunguru.

Simone, Mama Reine


Mantapala, 20 Julai 2025

Mama Colette,

Nilikuahidi kupitia Mama Olipa kwamba nitakueleza, kwa hiyo naeleza.

Papa alifika Jumatano mchana. Alishuka kutoka juu ya magunia ya chisense, amekonda, na mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Mama alikuwa amekaa juu ya mizigo mlangoni. Hakuinuka. Papa akasimama mbele yake kwenye jua, na majirani wakaanza kupita mara mbili mbili kama watu waliosahau kitu.  Chouchou ndiye aliyemwambia, "Papa, toa mukono." Akautoa.

Mama aliuangalia muda mrefu. Mimi niliuangalia kidogo tu nikashindwa. Si mbaya kama nilivyoota, lakini ni mbaya. Halafu mama akaingia ndani, akatoka na maji na sabuni, akaanza kuuosha ule mkono kama anavyoosha wa Chouchou, kwa ukali, mpaka kwenye kucha zilizobaki.  Papa alikuwa analia na hakujificha.

Alhamisi magari yaliondoka. Tulisikia honi. Mama alikuwa anafungua mizigo, sufuria kwanza, huku anagombana na kamba alizozikaza yeye mwenyewe. Ofisini alikwenda baadaye kueleza, wakamkaripia, akawakaripia pia. Mjomba Chadrack amekasirika. Shule naendelea. Hayo ndiyo mazuri.

Mabaya ni kwamba mama bado haongei na papa. Anampakulia, anampa maji, akitaka kumwambia jambo ananiambia mimi na papa amekaa hapo hapo. "Mwambie papa yako chumvi iko." Papa anasema, "Mwambie mama yako nimesikia." Yeye naye anakaa nyuma ya nyumba mchana kutwa. Shamba anasema ataanza wiki ijayo. Jembe amelishika mara moja, nilimwona, akaliweka chini. Sijui kama atakuwa mtu yule yule. Ninaogopa, Mama Colette, na hapa sina mwingine wa kumwambia.

Jana Dany alikuja na vitofali ndani ya karai. Alisema anataka kuiona mashini ikifanya kazi hata mara moja, Mansa au hapana Mansa. Tukaipanga mbele ya nyumba. Tulipofika kwenye fundo nikamwita papa. Akasema hawezi. Nikamwambia mdomo wako unaweza, nielekeze. Akaja akachuchumaa. Lakini kunielekeza kukamshinda, kwa sababu yeye halijui fundo kwa maneno, analijua kwa vidole, na vidole vyenyewe havipo. Akachukua kamba. Akaizungusha kwa mkono wa kulia, ila kuelekea kushoto kama zamani, mkunjo wa kwanza akaubana kwa kidole gumba kile kisichokunjika, ukaponyoka. Akarudia, ukaponyoka. Mara ya tatu akaitupa kamba.

Mama alikuwa anapepeta unga pale pembeni, ametupa mgongo. Aliweka ungo chini. Akaja, akaokota kamba, akamrudishia mkononi. Na pale mkunjo ulipokuwa unaponyoka, akaingiza kidole chake, kina unga bado, akaushikilia.

Papa akamtazama. Mama aliangalia fundo tu. Papa akapitisha mkunjo wa pili, akakaza polepole asimbane, mama akachomoa kidole. Mkia ulitoka kushoto.

Dany akaachia gololi na maji yakamwagika, yote, mpaka kwenye miguu ya Chouchou. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye unga wake, na hata leo bado hajamsemesha. Lakini nilihesabu mikono iliyofunga lile fundo, ilikuwa mitatu. Mwalimu Chalwe angetufuta tena, kwa ajili ya kidole cha mama.

Reine